John Boyd Dunlop na Tairi la Upepo

Ukisimama kando ya barabara kule Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, utaona pikipiki nyingi zikipita juu ya lami. Baadhi yake ni pikipiki kubwa za safari ndefu, zenye masanduku ya mizigo ubavuni. Pikipiki ya namna hiyo huanza safari kwenye lami ya mjini, kisha huendelea hadi kwenye barabara za changarawe, mchanga na matope. Matairi yake yakichakaa, mwenye pikipiki huenda kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo kutafuta mengine. Huko hukuta matairi ya aina nyingi. Je, achague lipi? Akikosea, aweza kuteleza na kuumia. Ili uweze kulijibu swali hili, yafaa kwanza umjue mtu aliyetufundisha kusafiri juu ya hewa.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchini Uskoti. Alilelewa shambani. Alipokua alisomea udaktari wa wanyama katika mji wa Edinburgh. Mwaka 1867 alihamia Ireland, na baadaye akawa daktari wa wanyama mashuhuri katika mji wa Belfast. Kazi yake ilikuwa kutibu farasi na mifugo mingine. Hakuwa fundi wa magurudumu.

Siku zile baiskeli zilikuwa na matairi ya mpira mgumu yasiyo na hewa ndani. Barabara nyingi za Belfast zilikuwa zimetandikwa mawe. Kila gurudumu lilipokanyaga jiwe, mpanda baiskeli alitikiswa mwili mzima. Mwaka 1887 mwana wa Dunlop, mtoto mwenye umri unaokaribiana na wako, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Baba yake akatafuta njia ya kumwezesha kwenda kwa wepesi bila kutikiswa.

Dunlop alitwaa kisahani kikubwa cha ubao. Akakizungushia mpira wa bomba, akaufunika kwa kitambaa na kuushikiza kwa misumari midogo. Kisha akaujaza hewa kwa pampu ya mpira wa kandanda. Je, hapo alisema kuwa kazi imekwisha? La. Alitaka kwanza kuhakikisha. Alichukua gurudumu moja la baiskeli ya mwanawe, akalibiringisha uani. Halikwenda mbali, likaanguka. Ndipo akakibiringisha kile kisahani chenye hewa katika ua ule ule. Kilivuka ua wote, kikagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Angalia jambo hili, mwanafunzi: alivilinganisha vitu viwili mahali pamoja na kwa njia moja. Hilo ndilo jaribio la haki.

Kwa nini tairi la hewa lilishinda? Gurudumu gumu likigonga jiwe, lote huinuliwa juu, na sehemu ya mwendo wake hupotea. Tairi la hewa hubonyea pale penye jiwe tu. Hewa iliyobanwa ndani husukuma, na tairi hurudia umbo lake.

Mwaka 1888 Dunlop alipewa hati ya haki ya uvumbuzi wake. Mwezi Mei 1889 mwendesha baiskeli aliyeitwa Willie Hume alitumia matairi hayo katika mashindano huko Belfast, akashinda. Lakini mwaka 1890 Dunlop alipata habari nzito. Aliambiwa kuwa hati yake haina nguvu, kwani Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hati ya tairi la hewa mwaka 1845. Dunlop hakuwa na habari za Thomson. Matairi ya hewa yaliendelea kuenea ulimwenguni, lakini utajiri mkubwa uliotokana nayo ulikwenda kwa wengine. Dunlop alifariki dunia mjini Dublin tarehe 23 Oktoba 1921.

Sasa turudi Kariakoo kwa yule msafiri wetu. Yampasa afanye kama Dunlop: asitazame uzuri wa tairi, bali alipime kwa barabara atakayopita.

Kwanza, atazame kashata, yaani yale meno yaliyochongwa juu ya tairi. Kashata kubwa zenye nafasi pana huuma udongo na kutema matope. Lakini juu ya lami sehemu ndogo tu ya mpira hugusa barabara, na kashata hizo huisha upesi. Tairi lenye mifereji myembamba hushika lami vizuri na kuondoa maji ya mvua, ila kwenye matope mifereji hujaa, na tairi huteleza. Hakuna tairi lililo bora kila mahali. Msafiri achague lile linalofaa barabara atakazopita zaidi.

Pili, asome namba zilizo ubavuni. Tuseme zimeandikwa 90/90-21. Namba ya kwanza ni upana, yaani milimita 90. Ya pili huonyesha kuwa kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81. Ya tatu ni kipenyo cha rimu, inchi 21. Tairi lisilolingana na rimu halifai hata likiuzwa kwa bei nafuu.

Tatu, ajaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa pikipiki. Hewa ndiyo inayobeba mzigo. Ikipungua, tairi hubonyea mno, hupata joto na kuharibika.

JARIBIO
Tafuta mpira wa kuchezea. Uangushe kutoka kimo cha mita 1 ukiwa umejaa hewa, kisha ukiwa na hewa kidogo. Pima kila mara unaruka juu kiasi gani.

MASWALI
1. Kwa nini Dunlop alibiringisha magurudumu yote mawili katika ua mmoja?
2. Tairi lenye kipara, yaani lililokwisha kashata, lina hatari gani juu ya lami wakati wa masika?
3. Jirani yako husafiri kwa pikipiki kati ya Posta na Kariakoo tu. Ungemshauri anunue tairi la namna gani? Eleza sababu.