Brashi ya Karen Blixen

Wengi wetu tunamjua Karen Blixen kwa kahawa yake na kitabu chake. Mimi huvutiwa zaidi na brashi yake.

Alizaliwa Denmark mwaka 1885, na mwaka 1903 akaingia chuo cha kifalme cha sanaa, Copenhagen. Mafunzo ya zama zile yalitaka subira: mwanafunzi hunakili kwanza sanamu za plasta kwa penseli, kisha mtu hai aliyetulia mbele yake. Rangi ya mafuta huja baadaye.

Januari 1914 aliteremka hapa kwetu Mombasa, akafunga ndoa papa hapa na Bror Blixen, wakapanda treni. Shamba lao lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, jirani na Dagoretti ya chifu Kinanjui. Huko alichora watu waliomzunguka: mzee wa Kikuyu, msichana wa Kikuyu, na Abdullahi, mdogo wake Farah Aden, yule Msomali Mwislamu aliyemsimamizia nyumba. Rangi zimepoa, hazipigi kelele, na jicho lako linabaki usoni. Alikuwa mlowezi, ndiyo, lakini nyuso zile kazichora kwa heshima. Linaloniudhi ni kwamba Abdullahi ana jina, na yule binti hutajwa kwa kabila lake tu.

Shamba lilifilisika, akarudi kwao mwaka 1931, akafa 1962. Nyumba ni makumbusho tangu 1986. Picha zenyewe ziko Rungstedlund, Denmark, kwa hiyo kijana wa Dagoretti anayejifunza kuchora uso atanakili nakala.