Jagadish Chandra Bose: Mwalimu Aliyetangulia Katika Mawasiliano Yasiyotumia Waya

Katika nyumba na ofisi nyingi hivi leo, taarifa hufika kwenye simu na kompyuta kwa njia ya Wi-Fi, pasipo waya. Mawimbi yanayofanya kazi hiyo ni mafupi. Yale ya masafa ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 hivi. Ya gigahezi 5 yana sentimita 6. Na ya gigahezi 60, yaliyoingizwa katika viwango vya Wi-Fi mwaka 2012, yana milimita 5 tu. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, mawimbi ya milimita 5 yalikwisha kuzalishwa na kupimwa katika chumba kidogo mjini Calcutta, India. Aliyefanya kazi hiyo ni mwalimu wa fizikia, Jagadish Chandra Bose.

Bose alizaliwa Novemba 30, 1858, Mymensingh, katika eneo la Bengal ambalo sasa ni sehemu ya Bangladesh. Wakati huo India ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa mtumishi wa serikali. Watumishi wa hadhi yake waliwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Yeye alimwandikisha mwanawe kwanza katika shule ya Kibengali, akaketi darasa moja na watoto wa wavuvi na wa wafanyakazi wa nyumbani, kwa kuamini kwamba mtoto anapaswa kuijua lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza lugha ya kigeni.

Baada ya masomo katika Chuo cha St. Xavier's, Calcutta, Bose alikwenda Uingereza mwaka 1880 kusomea udaktari. Maradhi yalimlazimu kuacha masomo hayo, akahamia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma sayansi, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa mwanafizikia mashuhuri Lord Rayleigh.

Aliporejea nyumbani mwaka 1885, aliteuliwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Hapo alikutana na ubaguzi ulio wazi: kwa utaratibu wa serikali ya kikoloni, Mhindi alilipwa pungufu kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Bose hakuacha kazi, wala hakuupokea mshahara huo. Kwa miaka mitatu alifundisha bila kuchukua malipo yoyote, ilhali familia yake ilikuwa imeelemewa na madeni ya baba yake. Mwishowe mamlaka zilikubali kumlipa mshahara kamili, pamoja na malimbikizo ya miaka yote mitatu. Fedha hizo alizitumia kulipia madeni ya familia.

Utafiti wake wa mawimbi ya sumakuumeme ulianza mwaka 1894. Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amekwisha kuthibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo, lakini aliyotumia yalikuwa marefu, na hivyo magumu kuchunguzwa katika nafasi finyu. Chuo hakikuwa na maabara ya kufaa. Bose alitumia chumba kidogo chenye eneo la mita mraba 2 na ushei, akatoa fedha zake mwenyewe, na kumfundisha fundi bati wa hapohapo kutengeneza vifaa. Alibuni antena yenye umbo la pembe, mabomba ya kuongozea mawimbi na vipokezi vya aina mbalimbali. Kwa vifaa hivyo alipima jinsi mawimbi yanavyoakisiwa, yanavyopinda na yanavyofyonzwa yanapokutana na vitu tofauti. Hata nyuzi za jute zilizosokotwa alizitumia katika majaribio yake.

Mwaka 1895 alifanya onyesho la hadhara mjini Calcutta. Mawimbi yalisafiri bila waya, yakapenya kuta, yakapiga kengele na kulipua baruti iliyowekwa mbali. Januari 1897 aliwasilisha matokeo ya utafiti wake katika Royal Institution, London, mbele ya wanasayansi wakubwa wa zama hizo.

Katika miaka hiyohiyo, Guglielmo Marconi wa Italia alisajili hataza na kuanzisha biashara ya simu za upepo. Bose alifuata njia nyingine. Hakutaka kujitajirisha kwa ugunduzi, akaueleza wazi muundo wa vifaa vyake. Rafiki zake walimshawishi kuombea hataza kipokezi chake cha madini ya galena, na Marekani iliitoa Machi 1904. Ni miongoni mwa hataza za mwanzo kabisa duniani za kifaa cha semikondakta. Yeye mwenyewe hakujishughulisha nayo, akaiacha ipitwe na wakati. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwani kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana katika historia ya redio.

Baadaye aligeukia uchunguzi wa mimea, akabuni chombo cha kupima ukuaji mdogo usioonekana kwa macho. Novemba 30, 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alizindua Taasisi ya Bose mjini Calcutta, akaweka msingi kwamba matokeo ya utafiti wake yawe mali ya umma. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alifariki dunia Novemba 23, 1937, huko Giridih, India.

Bose hakuunda Wi-Fi. Teknolojia hiyo ni kazi ya wengi, na kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1997. Hata hivyo, tabia za mawimbi alizozipima ndizo zinazomwongoza fundi wa leo. Wimbi fupi hubeba taarifa nyingi, lakini huzuiwa kwa urahisi na kuta nene, vyuma na maji. Ndiyo sababu ruta huwekwa katikati ya nyumba, mahali palipoinuka, na vifaa vya gigahezi 60 hutumika zaidi ndani ya chumba kimoja. Mwaka 2012, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, iliyatambua rasmi majaribio yake ya Calcutta kuwa ya kwanza ya mawasiliano kwa mawimbi ya milimita.