Mchezaji si mbuzi wa mnadani

Kila ifikapo mwezi wa Agosti, shule zinapofungwa na ligi za kandanda zinapojiandaa kwa msimu mpya, soko la Kiritiri hugeuka baraza la wataalamu wa mpira. Vibarazani mwa maduka, karibu na akina mama wanaouza muguka na ndengu, utawakuta walimu, wanafunzi na vijana wa bodaboda wakinunua na kuuza wachezaji bila kutoa hata ndururu mfukoni. Huyu auzwe, ni mzee. Yule asiuzwe, ndiye mhimili wa timu. Gor Mahia imefanya kosa, AFC Leopards imepunjwa, na timu fulani ya Uingereza imetupa mamilioni jaani.

Sikuja kuwabeza watu hao, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nakumbuka jinsi tulivyobishana baada ya msimu wa mwaka wa 2015, Gor Mahia ilipotwaa ubingwa wa Kenya bila kushindwa hata mchezo mmoja, kisha mfungaji wake hodari, Michael Olunga, akaondoka kwenda Sweden. Wapo waliolia kama waliofiwa. Wapo waliosema kijana afuate riziki yake.

Lakini likizo moja mjadala wetu ulichukua mkondo ulionikosesha raha. Mchezaji mmoja wa ng'ambo alikuwa ameomba kuihama timu yake, na wenzangu wakamwita msaliti, mlafi na mtovu wa shukrani. Nikauliza kama kuna yeyote aliyewahi kujiuliza mchezaji mwenyewe anataka nini. Wote waliangua kicheko, isipokuwa mwalimu mmoja. Wiki hiyo alikuwa amepokea barua ya kuhamishiwa shule ya mbali, akaiache familia yake Mbeere. Alikitazama kikombe chake cha chai, asiseme neno. Ndipo nilipotambua kwamba katika lugha yetu neno ni lile lile, uhamisho, liwe la mwalimu au la mchezaji. Nikaamua kuwasimulia wasomaji wangu habari za Stanley Matthews.

Matthews alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 huko Hanley, katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, mji uliosifika kwa viwanda vyake vya vyombo vya kauri. Baba yake, Jack, alikuwa kinyozi na mwanandondi wa kulipwa. Mzee huyo alimwamsha mwanawe alfajiri kufanya mazoezi, na tabia hiyo haikumtoka mtoto hadi uzeeni. Matthews hakunywa pombe, alichunga sana chakula chake, na katika maisha yake yote ya uchezaji hakuna mwamuzi aliyewahi kumpa onyo rasmi wala kumtoa uwanjani.

Aliingia klabu ya Stoke City akiwa mvulana wa kazi ndogo ndogo za ofisini. Siku alipotimiza umri wa miaka 17, mwaka wa 1932, alitia saini mkataba wa kulipwa: pauni 5 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 3 wakati wa kiangazi. Alicheza winga ya kulia. Ustadi wake ulikuwa wa kumvuta beki karibu, kuuinamisha mwili upande mmoja kama anayeelekea ndani, kisha kumpita upande wa nje kwa kasi ya hatua chache na kumimina krosi. Kila beki nchini alijua atakalofanya, na bado alipitwa. Mwaka wa 1934 aliichezea Uingereza kwa mara ya kwanza, dhidi ya Wales, na akafunga bao.

Yapasa msomaji aelewe sheria za siku hizo. Ligi ya Uingereza ilikuwa imeweka kikomo cha mshahara. Kabla ya vita vya pili vya dunia, hata nyota aliyejaza uwanja hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki. Zaidi ya hayo, mkataba wa mchezaji ulipokwisha, klabu iliendelea kumshikilia. Kama haikutaka kumwachilia, hakuweza kuchezea klabu nyingine ya ligi hiyo. Mchezaji alikuwa huru kuacha mpira, lakini hakuwa huru kuuhamisha mguu wake.

Mnamo Februari 1938, Matthews aliomba kuihama Stoke. Habari zilipoenea, mji mzima ulitaharuki. Mkutano wa hadhara uliitishwa, na watu zaidi ya 3,000 wakafurika ukumbini, huku wengine yapata 1,000 wakibaki nje. Walidai kwa sauti moja kwamba kijana wao asiondoke. Matthews akasalimu amri, akabaki.

Nikiwazia mkutano ule, moyo wangu hugawanyika. Kwa upande mmoja, sijui kama kuna mapenzi ya dhati kupita yale. Watu wa viwandani, ambao juma zima walivuta vumbi la udongo, walikuwa na furaha moja ya Jumamosi, nayo ilikuwa kumtazama mtoto wa kinyozi akiwachezesha mabeki kwata. Walikuwa na haki ya kuililia furaha hiyo. Kwa upande mwingine, mapenzi hayo yalikuwa kamba. Maelfu walikutana kujadili maisha ya mtu mmoja, na aliyekuwa na neno dogo kabisa katika shauri hilo ni mtu huyo mwenyewe.

Vita vilipozuka, ligi ilisimama na Matthews akatumikia jeshi la anga, akiwekwa kambini karibu na mji wa Blackpool. Baba yake alifariki mwaka wa 1945, akiwa amemwachia wosia wa kumtunza mama yake na kutwaa medali ya Kombe la FA. Amani iliporudi, Stoke ilikuwa na timu imara kuliko wakati wowote, lakini uhusiano wa Matthews na meneja, Bob McGrory, ulikuwa umeingia nyufa. Matthews alipopona jeraha, alitakiwa acheze kwanza katika timu ya akiba, na mzozo ukapamba moto.

Tarehe 10 Mei 1947, Stoke ikiwa inawania ubingwa na mechi zikiwa zimesalia chache, klabu ilimwuza Matthews kwa Blackpool kwa pauni 11,500. Fedha hizo zilikuwa za klabu, si zake. Tarehe 14 Juni, Stoke ilisafiri kucheza na Sheffield United, ikijua kwamba ushindi ungeipa taji. Ilifungwa mabao 2 kwa 1, ikamaliza katika nafasi ya nne. Hadi leo haijawahi kuwa bingwa wa Uingereza. Hakuna awezaye kuapa kwamba Matthews angeuleta ushindi ule. Lakini mashabiki, ambao safari hii hawakuulizwa, waliona wazi kile ambacho wakubwa wa klabu hawakukiona kwa kiburi.

Wengi waliamini kwamba Blackpool ilikuwa imenunua gari kuukuu, kwa sababu Matthews alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka wa 1948 alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ya waandishi wa kandanda wa Uingereza. Alishindwa katika fainali za Kombe la FA mwaka wa 1948 na wa 1951. Mwaka wa 1953 alifika tena, akiwa na miaka 38. Bolton iliongoza kwa mabao 3 kwa 1 hadi zikasalia kama dakika 20. Matthews akaanza kumchambua beki wake kama karanga, Stan Mortensen akatimiza mabao matatu, na katika dakika za mwisho krosi ya Matthews ikamfikia Bill Perry, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyetia bao la nne. Wosia wa mzee ulitimia. Mwaka wa 1956, akiwa na miaka 41, Matthews alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

Sehemu ya maisha yake inayowahusu walimu zaidi ni hii. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, alizitumia likizo zake za kiangazi kuja Afrika kufundisha mpira: Ghana, Nigeria, Uganda, Tanzania na Afrika Kusini. Huko Soweto, mwaka wa 1975, wakati wa ubaguzi wa rangi, aliunda timu ya wanafunzi weusi na kuipeleka Brazil. Mtu aliyekuwa amezuiwa kuvuka kutoka mji mmoja hadi mwingine aliwavusha bahari watoto ambao sheria za nchi yao ziliwafungia milango.

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Alipokuwa meneja wa Port Vale, klabu hiyo ilipatikana na hatia ya kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni, ikafukuzwa ligini mwaka wa 1968 kabla ya kurudishwa kwa kura. Ustadi wa kucheza ni jambo moja, na uangalifu wa hesabu ni jambo jingine.

Nimeruka kisa kimoja kwa makusudi, nikikiweka akiba. Oktoba 1961, akiwa na miaka 46, Matthews alirudi Stoke, ambayo sasa ilijikokota katika daraja la pili. Wenye busara ya vibarazani wangesema klabu imenunua babu. Mechi ya nyumbani kabla ya kurudi kwake ilikuwa imetazamwa na watu 8,409. Siku aliporudi walifika 35,974. Mwaka wa 1963 Stoke ilipanda hadi daraja la kwanza, na katika mechi iliyothibitisha kupanda huko, dhidi ya Luton, Matthews alifunga bao akiwa na miaka 48. Safari hii hakushikiliwa na sheria, wala hakuna mkutano uliomlazimisha. Alirudi kwa hiari, na hiari hiyo ilizaa matunda ambayo kamba haikuweza kuyazaa.

Sheria zenyewe zilikuwa zikibomoka. Kikomo cha mshahara kiliondolewa mwaka wa 1961, na mwaka wa 1963 mahakama ilitoa uamuzi katika kesi ya George Eastham kwamba kumshikilia mchezaji kwa njia ile hakukuwa haki. Matthews alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi Februari 1965, akiwa ametimiza miaka 50 siku chache tu kabla. Alifariki tarehe 23 Februari 2000. Watu wapatao 100,000 walijipanga barabarani kumwaga, na majivu yake yakazikwa chini ya duara la katikati ya uwanja wa Stoke.

Basi wenzangu wa Kiritiri, tuendelee kubishana, maana kandanda bila ubishi ni uji bila sukari. Shabiki ana haki ya kusema, na kisa cha mwaka wa 1947 chaonyesha kwamba mara nyingine huona mbali kuliko wenye klabu. Lakini kabla ya kumwita mchezaji msaliti, tukumbuke kwamba yeye pia ana mama wa kutunza, mwili unaozeeka na siku chache za kuvuna. Mahakama iliikata kamba zaidi ya miaka 60 iliyopita. Ndimi zetu bado zinaifunga.

Yule mwalimu alikwenda shule yake mpya muhula ulipofunguliwa. Siku alipoondoka tulikuwa tukizungumzia usajili wa wachezaji, na sikumsikia mmoja wetu, nami nikiwemo, akimwuliza kama angependa kubaki.