Kapteni Abebe Bikila: Mkimbiaji Aliyebaki Askari

Miongoni mwa askari wa Afrika waliojipatia sifa duniani pasipo kufyatua risasi, jina la hayati Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia lingali mbele. Imepita zaidi ya miaka 50 tangu afariki dunia, nasi tuliovaa sare tunapaswa kuyakumbuka maisha yake, si kwa ajili ya medali zake tu, bali pia kwa jinsi alivyoupokea mkasa uliomfika baada ya medali hizo.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1932, katika kijiji cha Jato, mkoani Shewa, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Wenzetu walioko Bweyeye, wilayani Rusizi, ambako barabara hupanda na kushuka ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, hawana haja ya kuelezwa namna milima inavyoyafunza mapafu ya mtu. Alipopata umri wa kujitegemea aliingia katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko kipaji chake kilikotambuliwa na mwalimu wa riadha kutoka Sweden, Onni Niskanen.

Jioni ya tarehe 10 Septemba, 1960, askari huyo ambaye dunia haikumjua alisimama mjini Rome pamoja na wakimbiaji wengine wa marathoni, akiwa miguu mitupu. Viatu vilimsumbua, naye alikwisha kuzoea kufanya mazoezi pekupeku. Giza lilipoingia, askari wa Italia walisimama kandokando ya barabara ya kale ya Appia wakiwa wameshika mienge ili kuwamulikia wakimbiaji. Msomaji na akumbuke kwamba mwaka 1936 majeshi ya Italia yaliingia Addis Ababa, na mwaka uliofuata mnara wa kale wa mawe wa Aksum ulichukuliwa na kusimamishwa Rome kama nyara. Karibu na mnara huo ndipo Bikila alipoongeza mwendo na kumwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia katika marathoni, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Mnara wenyewe ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Miezi mitatu tu baada ya ushindi huo, Desemba 1960, viongozi wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme wakashindwa. Bikila hakuwa katika njama hiyo, akaendelea na utumishi wake na mazoezi yake.

Mwaka 1964, wiki chache kabla ya michezo ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani safari yake imekwisha. Tarehe 21 Oktoba aliingia mashindanoni, safari hii akiwa na viatu, akawatangulia wote kwa zaidi ya dakika 4, akatumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alipovuka mstari hakuanguka chini. Alikwenda kwenye majani akaanza kunyoosha viungo, kana kwamba gwaride ndiyo kwanza limalizike. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Mexico City, mwaka 1968, mguu wenye maumivu ulimlazimisha kuacha mbio njiani. Aliyeshinda ni Mamo Wolde, askari mwenzake wa kikosi kile kile; dhahabu ikarudi Ethiopia mikononi mwa mwingine.

Kisha yakaja makubwa. Usiku mmoja wa Machi 1969, gari lake dogo la Volkswagen lilipata ajali. Miguu iliyoushangaza ulimwengu haikutembea tena. Alipelekwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo tunapoona askari wa kweli. Mtu aliyezoea kushangiliwa na dunia alikubali kuanza upya kama kuruta: alijifunza kulenga shabaha kwa upinde na mshale, akacheza tenisi ya mezani akiwa katika kiti cha magurudumu, na mwaka 1971 akashindana Norway katika mbio za sleji juu ya theluji.

Alifariki tarehe 25 Oktoba, 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa Addis Ababa kwa heshima zote za kijeshi, na makumi ya maelfu ya watu, Mfalme akiwa miongoni mwao, walimsindikiza.

Njia aliyoifungua haikupitwa na wanaume peke yao. Mwaka 1984, Rwanda ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mkimbiaji Marciana Mukamurenzi alikuwa katika timu yake. Na mwaka 1992 Derartu Tulu wa Ethiopia akashinda mita 10,000 mjini Barcelona, mwanamke mweusi wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu hiyo.

Katika kila kikosi wamo wenzetu walioumia kazini, ambao hawataweza tena kukimbia wala kusimama lindo. Tusiwahesabu kuwa wamekwisha. Tuwape kazi wanayoiweza, tuwashirikishe michezoni, tuwaite kwa vyeo vyao. Bikila alikaa katika kiti cha magurudumu kwa zaidi ya miaka mitatu, na muda wote huo alikuwa kapteni.