Georges Vézina, Golikipa Asiyekosa Mchezo

Labda umewahi kuuona au kuusikia mchezo wa mpira wa magongo. Katika nchi ya Kanada mchezo huo huchezwa juu ya barafu. Baridi ya huko ni kali sana. Maji ya mito na maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu ya saruji, hata watu wakatembea juu yake. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, nao huteleza kwa kasi kubwa. Wanachokipiga si mpira wa duara bali ni kisahani kinene cha mpira mgumu. Kikikupiga usoni, utajua.

Georges Vézina alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 katika mji wa Chicoutimi, jimbo la Quebec. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Watu wa huko husema Kifaransa, na Vézina alijua Kiingereza kidogo tu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alilinda goli akiwa amevaa viatu vya kawaida. Viatu vya kutelezea alivizoea baadaye.

Mwezi wa Februari 1910 timu kubwa ya Canadiens kutoka Montreal ilikwenda Chicoutimi kucheza na vijana wa mji huo. Wale waliokuwa wakilipwa mshahara walishindwa na vijana wasiolipwa kitu! Viongozi wa Canadiens walimtazama golikipa yule mrefu, mkimya, wakamtaka. Kwanza alikataa. Mwisho alikubali, na tarehe 31 Desemba 1910 alicheza mchezo wake wa kwanza Montreal.

Kazi yake haikuwa rahisi. Siku hizo golikipa hakuvaa kinyago cha kulinda uso. Tena, mpaka Januari 1918, sheria ilimkataza kujiangusha chini ili azuie bao. Akifanya hivyo aliadhibiwa. Basi Vézina alisimama wima na gongo lake, akatulia, akaangalia. Kwa utulivu huo watu walimpa jina la Tango la Chicoutimi. Wewe unajua tango lilivyo baridi ndani hata jua likiwa kali. Ndivyo walivyomwona Vézina wakati wenzake wamepandwa na hasira.

Timu yake ilipata Kombe la Stanley mwaka 1916, na tena mwaka 1924. Mwanawe wa pili alizaliwa wakati wa ushindi ule wa kwanza, akaitwa Marcel Stanley. Hapa nikuonye kidogo. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba Vézina ana watoto 22. Habari hiyo ilitoka kwa kiongozi wa timu aliyependa kuwafurahisha waandishi. Ukweli ni kwamba aliacha wana wawili. Sasa unajua kusoma, basi soma gazeti, lakini usimeze kila kitu.

Mchezo ulipokwisha kwa mwaka, alirudi kwao Chicoutimi, ambako alikuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi.

Kwa miaka karibu 15 Vézina hakukosa hata mchezo mmoja. Alicheza michezo 328 ya ligi mfululizo. Sifa hiyo ni kubwa, lakini ndani yake palikuwa na hatari. Mtu asiyekosa kazi hata siku moja huzoea kuficha maumivu, na wenzake huzoea kutomwuliza.

Alipofika Montreal mwaka 1925 alikuwa amekonda, wala hakulalamika. Tarehe 28 Novemba timu ilicheza na timu ya Pittsburgh. Vézina alikuwa na homa kali, akaingia uwanjani hivyo hivyo. Kipindi cha kwanza hakufungwa bao. Wakati wa mapumziko alitapika damu. Akarudi golini. Kipindi cha pili kilipoanza tu, alianguka juu ya barafu, akatolewa nje.

Kesho yake daktari alisema ni kifua kikuu. Ugonjwa huu unaujua, maana upo kwetu pia. Mwaka 1925 watu walikuwa wamekwisha kukijua kijidudu chake, kilichogunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikuwapo. Dawa ya kwanza, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943. Leo mgonjwa akigunduliwa mapema, akameza dawa zake bila kukatiza, kwa kawaida miezi 6, hupona. Vézina hakuwa na bahati hiyo. Mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 asingoje kutema damu. Aende zahanati apimwe.

Kabla ya kwenda kwao alipita mara ya mwisho katika chumba cha wachezaji. Inasimuliwa kwamba alikaa mahali pake pa siku zote akitokwa na machozi, akaomba apewe ile fulana aliyovaa kwenye fainali ya kombe. Akaichukua, akaondoka. Alifariki Chicoutimi tarehe 27 Machi 1926, akiwa na umri wa miaka 39.

Wenye timu ya Canadiens walitoa kombe kwa ukumbusho wake, likaitwa Kombe la Vézina. Wa kwanza kulipata alikuwa George Hainsworth, golikipa aliyeshika nafasi yake Montreal. Mpaka leo kombe hilo hupewa golikipa aliye bora katika ligi kila mwaka.