Bobby Jones: Bingwa Aliyejua Kurudi Nyuma

Katika mwezi wa Juni mwaka 1925, kijana mmoja wa miaka 23 alisimama kando ya mpira wake wa gofu katika uwanja wa Worcester, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Mpira ulikuwa umelala katika majani marefu, kwenye ukingo ulio karibu na shimo la 11. Akainama, akaiweka fimbo yake nyuma ya mpira tayari kupiga. Fimbo ikagusa majani, na mpira ukatikisika ukasogea kidogo tu. Kijana yule hakupiga. Alirudi nyuma, akawaita wenziwe na wasimamizi, akawaambia kwamba mpira wake umesogea na kwa hivyo anastahili adhabu ya pigo moja.

Wasimamizi walishangaa. Walimuuliza mchezaji mwenziwe, naye hakuona kitu. Waliwauliza watazamaji, hao pia hawakuona. Mwisho wakamwachia mwenyewe aamue, naye akashikilia neno lake. Hesabu yake siku ile ikawa mapigo 77 badala ya 76.

Kijana huyo alikuwa Robert Tyre Jones, ambaye ulimwengu wote ulimjua kwa jina la Bobby Jones. Na ili msomaji afahamu uzito wa hatua ile moja ya kurudi nyuma, hana budi kwanza ajue kijana huyu alitoka wapi, na alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kufika hapo.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1902 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mwanasheria. Utotoni Bobby alikuwa dhaifu wa mwili, mgonjwa wa mara kwa mara, na wazazi wake wakawa wakimpeleka East Lake, nje ya mji, apate hewa safi. Hapo palikuwa na uwanja wa gofu, na mwalimu wa uwanja ule alikuwa Mskoti aitwaye Stewart Maiden. Mtoto alikuwa akimfuata nyuma nyuma, akimtazama anavyosimama na anavyopiga, kisha akienda zake kuiga. Ndivyo alivyojifunza, kama vile mtoto wa fundi ajifunzavyo kazi kwa kukaa karibu na baba yake.

Alipokuwa na miaka 14 tu, mwaka 1916, alikwenda Merion, karibu na Philadelphia, kushindana na watu wazima katika ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa. Akafika robo fainali. Watu walimwona wakasema kwamba bingwa amezaliwa.

Lakini bingwa huyo alichelewa kufika. Miaka saba ilipita bila ya kombe kubwa hata moja. Mwandishi wa magazeti aliyekuwa rafiki na mwandani wake katika safari zake, O. B. Keeler, aliifananisha miaka ile na ng'ombe saba waliokonda, katika ile ndoto ya mfalme wa Misri ambayo sisi sote tunaijua katika kisa cha Nabii Yusuf.

Na nini kilichomkondesha? Mikono yake ilikuwa hodari kupita ya wengi. Adui yake alikuwa hasira. Alikuwa akikosa pigo moja, huzirusha fimbo, hulaani, na mashindano yakamponyoka. Mwaka 1921 alivuka bahari akaenda St Andrews, Uskoti, mji unaohesabika kuwa ndio nyumbani kwa mchezo wa gofu. Katika duru ya tatu mambo yalimwendea kombo. Alipofika shimo la 11 mpira wake ulizama katika shimo la mchanga, akapiga asiutoe, akapiga tena asiutoe. Basi akakata tamaa, akajitoa katika mashindano mbele ya watu waliokuja kumtazama. Mwaka ule ule, kule St. Louis, alitupa fimbo kwa ghadhabu, ikaruka ikampiga mwanamke mmoja mguuni. Wakuu wa chama cha gofu cha Marekani wakamwonya kwa barua kwamba asipoizuia hasira yake hataruhusiwa kushiriki katika mashindano yao.

Aibu ile ilimwingia. Wazee wetu walisema hasira hasara, na Bobby Jones aliijua hasara hiyo kwa hesabu ya mapigo. Akaanza kujifundisha upya. Badala ya kumtazama mpinzani wake, akawa anashindana na hesabu ya uwanja tu, yaani idadi ya mapigo ambayo kila shimo lastahili. Hesabu hiyo haina maneno na haikasiriki. Aliifanya kana kwamba ni mzee mmoja mtulivu anayecheza naye bega kwa bega.

Hapa yafaa tueleze kidogo juu ya mchezo wenyewe, kwani wengi wetu tumeuona kwa mbali tu. Katika mpira wa miguu, mpira hukujia nawe huna nafasi ya kufikiri. Katika gofu mpira umetulia chini, unakungoja. Hakuna anayekukimbiza. Wala usidhani huo ni urahisi, maana ndipo penye taabu. Mtu akisimama muda mrefu juu ya mpira, mawazo huanza kumjia. Hukumbuka pigo alilokosa jana. Huona maji yaliyo mbele yake. Husikia mtu akikohoa. Vidole hukaza, mabega hukakamaa, na pigo lenyewe, ambalo halichukui hata sekunde mbili, huharibika kabla halijaanza.

Kwa sababu hiyo wachezaji wazuri wana desturi moja. Ikiwa moyo haujatulia, au jambo limepita mbele ya macho, mtu huiondoa fimbo nyuma ya mpira na kurudi hatua moja au mbili. Huvuta pumzi, hutazama tena mahali anapotaka mpira uende, kisha huanza utaratibu wake wote tangu mwanzo. Hauungi katikati, kwani akiunganisha katikati ile shaka huwa bado imo mikononi. Sisi tuliolelewa kujua kwamba kila tendo hutangulia nia hatuoni ajabu katika jambo hilo. Nia ikivurugika, heri uiweke sawa kwanza ndipo utende.

Jones mwenyewe hakupenda kuzubaa juu ya mpira. Uamuzi wake aliufanya kabla ya kusogea, na akishasogea alipiga upesi. Alijua kwamba kila dakika ya kusitasita humfungulia shaka mlango. Ushahidi wa hayo ulionekana mwaka 1923 kule Inwood, New York, katika Mashindano ya Wazi ya Marekani. Alikuwa sawasawa na Bobby Cruickshank, wakabakiwa na shimo moja la mwisho la kuamua. Mpira wake ulikuwa mahali pabaya, na mbele yake palikuwa na maji. Akachagua fimbo, akatazama mara moja, akapiga. Mpira ukavuka maji ukatua karibu na shimo. Hilo lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza, na ng'ombe waliokonda wakaondoka.

Sasa turudi Worcester, mwaka 1925. Baada ya siku zote kuhesabiwa, Jones alikuwa sawa na Willie Macfarlane, kila mmoja ana mapigo 291. Lau asingelijitaja kwa pigo lile ambalo hapana jicho jingine lililoliona, kombe lingelikuwa lake papo hapo. Ikabidi wacheze tena mashimo 18, wakatoka sare kwa 75. Wakacheza mengine 18, na Macfarlane akamshinda kwa pigo moja. Pigo moja tu! Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, Jones alichukizwa na sifa zile. Kwake yeye ilikuwa sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuiba fedha za benki.

Mwaka uliofuata, katika mashindano yayo hayo kule Scioto, Ohio, mpira wake ulisogea tena, safari hii kwa upepo. Akajitaja tena. Lakini mara hii kombe alilipata, kwa tofauti ya pigo moja. Na mwaka 1927 alirudi St Andrews, mahali pale pale alipojiaibisha miaka sita nyuma, akashinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza. Waskoti walimbeba mabegani, naye akaomba kombe libaki pale pale kwao badala ya kulichukua Marekani.

Mwaka wake mkubwa ulikuwa 1930. Katika mwaka huo mmoja alishinda ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, Mashindano ya Wazi ya Uingereza, Mashindano ya Wazi ya Marekani, na ubingwa wa ridhaa wa Marekani. Hata hivyo, tusidhani kwamba alikuwa malaika. Kule Interlachen, Minnesota, fimbo yake ilikuwa tayari imepanda juu watoto wawili wa kike waliposogea katika kundi la watazamaji. Macho yake yakavutwa, na hakuweza tena kujizuia. Akaupiga mpira vibaya, ukaenda chini chini kuelekea ziwani. Kwa bahati uliruka juu ya maji kama kijiwe kinachorushwa na watoto ufukweni, ukatoka ng'ambo ya pili. Akashinda mashindano yale kwa mapigo mawili. Hapo twaona kwamba hata bingwa wa mabingwa aweza kukosa nafasi ya kurudi nyuma, akaokolewa na bahati.

Baada ya hapo akafanya jambo lililowashangaza wote. Katika Novemba ya mwaka 1930, akiwa na miaka 28 tu, na makombe makubwa 13 mkononi, aliacha mashindano. Hakupata kuwa mchezaji wa kulipwa, na kazi yake ilikuwa sheria. Tena mashindano yalikuwa yakimuumiza. Alikuwa hawezi kula, na mwili wake ukipungua uzito kwa siku chache. Basi aliuacha mchezo kabla ya mchezo kumwacha yeye.

Akashirikiana na Clifford Roberts kujenga uwanja wa Augusta, kwao Georgia, ambako mashindano ya kwanza yalichezwa mwaka 1934. Haki yatudai tuseme na hili: uwanja huo ulikuwa katika nchi ya ubaguzi, na mchezaji mweusi wa kwanza kushindana hapo alikuwa Lee Elder, mwaka 1975, wakati Jones alikwisha kufa. Mtu aliyejihukumu kwa unyasi uliotikisika hakulihukumu jambo hilo kubwa lililokuwa mlangoni mwake. Binadamu hakamiliki.

Kuanzia mwaka 1948 ugonjwa wa uti wa mgongo ulimshika. Alitembea kwa mkongojo, kisha akawa wa kukaa katika kiti cha magurudumu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews ulimpa heshima ya kuwa raia wake huru, heshima ambayo kabla yake hapana Mmarekani aliyepewa ila Benjamin Franklin, mwaka 1759. Mji ule ule uliomwona kijana akijitoa kwa hasira, ulimwona mzee mgonjwa akiagwa kwa machozi. Alifariki tarehe 18 Disemba 1971.

Wengi wetu tutaishi na kufa bila ya kushika fimbo ya gofu. Lakini hakuna kati yetu asiyepata kusimama na neno kali ulimini, au kalamu juu ya karatasi ya kutia sahihi, na moyo haujatulia. Neno likishatoka, kama fimbo ikishashuka, halirudi. Kabla halijatoka, hatua moja ya nyuma haina gharama kubwa. Na hata ikiwa na gharama, kama ilivyokuwa Worcester, yako makombe ambayo ni heri mtu ayakose na nafsi yake ibaki salama.