Gunpei Yokoi: Fundi wa mashine za karata aliyeupa ulimwengu Game Boy

UKIWAKUTANISHA wapenzi wa michezo ya video na kuwataka wateue mtambo mmoja tu wanaouenzi kuliko yote, mjadala hautaisha upesi. Hata hivyo, jina la Game Boy halikosi kutajwa. Aliyeongoza uundaji wake aliajiriwa kutunza mashine za kutengenezea karata.

Gunpei Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 mjini Kyoto, Japani. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mnamo 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo, ambayo enzi hizo ilifahamika kwa karata.

Ili kujipumbaza kazini, Yokoi aliunda mkono wa kuchezea unaorefuka na kunasa vitu vilivyo mbali. Mnamo 1966 rais wa kampuni hiyo, Hiroshi Yamauchi, aliuona. Badala ya kumkaripia, alimwagiza autayarishe kwa ajili ya soko. Mikono hiyo, iliyopewa jina Ultra Hand, iliuzwa zaidi ya milioni moja, na fundi huyo akageuka mbunifu wa vitu vya kuchezea.

Inasimuliwa kwamba siku moja akiwa kwenye treni ya mwendo wa kasi, alimwona abiria akibonyezabonyeza kikokotoo ili kuondoa uchovu wa safari. Hapo ndipo ilipotoka Game & Watch ya mwaka wa 1980, iliyotumia skrini kama zile za vikokotoo. Mnamo 1982 akaongeza kibonyezo chenye umbo la msalaba, ambacho kingali kinaigwa hadi leo.

Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei, kisha kuipa matumizi mapya.

Msimamo huo ulitiwa kwenye mizani mwaka wa 1989. Game Boy ilikuwa na skrini isiyo na rangi wala mwanga wake yenyewe, ilhali wapinzani wake, Lynx ya Atari na baadaye Game Gear ya Sega, walijivunia rangi za kuvutia. Lakini Game Boy ilikuwa nafuu, ngumu kuvunjika, na betri zake nne zilidumu zaidi ya saa kumi. Game Gear ilihitaji sita na kuzimaliza kwa saa chache tu. Ikijumlishwa na Game Boy Color, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mpanda ngazi hushuka. Virtual Boy, mtambo wake wa mwaka wa 1995 ulioonyesha picha nyekundu na nyeusi pekee, ulikataliwa na wanunuzi. Mwaka uliofuata Yokoi aliondoka Nintendo baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake, Koto.

Oktoba 4, 1997 alishuka garini kukagua uharibifu baada ya ajali ndogo kwenye barabara kuu mkoani Ishikawa. Gari jingine likamgonga. Alifariki akiwa na umri wa miaka 56.

WonderSwan, mtambo aliokuwa akiuandaa kwa ajili ya kampuni ya Bandai, ulitolewa mwaka wa 1999. Mwenyewe hakuuona ukiuzwa, lakini alama yake ilikuwa wazi: skrini isiyo na rangi, bei nafuu, na betri moja tu.